Maswali ya Wasomaji: Aliyetengwa na kanisa tumwendeeje?

Barua tulizochagua kwa toleo hili zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na ingawa waandishi wake hawafahamiani, zote zinagusa jambo moja: huruma na hukumu. Majina ya watu, ya vijiji na ya sharika tumeyaondoa. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu tunaamini kuna mabaraza mengi ya wazee ambayo yangeweza kuiandika.

SWALI: Mchungaji, kamwene, na Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama mtu mzima, mzee wa kanisa katika usharika mmoja huku Mufindi, kwenye mashamba ya chai. Binti mmoja wa kwaya ya vijana, mwenye umri wa miaka 20, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye huchuma chai kwa kibarua, alipata ujauzito nje ya ndoa. Baraza la wazee lilimwondoa kwenye kwaya, likamzuia asishiriki Meza ya Bwana, na likamtaka asimame mbele ya washarika siku ya Jumapili atubu. Siku hiyo hakuja, na tangu hapo hajakanyaga kanisani. Sasa amejifungua. Bibi yake anayeishi naye amekuja kwangu kuomba mtoto abatizwe, na baraza limegawanyika, kwa kuwa wengine wanataka mtoto asubiri mpaka mama yake arudi kundini. Kijana anayetajwa kuwa ndiye baba alikuwa kwenye kwaya hiyohiyo. Alihamia Makambako na nasikia huko anaimba kama kawaida. Mimi binti huyu ananiuma moyoni, lakini wenzangu wananiambia kwamba tukilegeza kamba mabinti wote watapita njia hiyo. Je, kumhurumia si kuhalalisha dhambi?

JIBU: Mama, kamwene sana, na asante kwa kuandika wazi.

Niruhusu nianze na mtoto, kwa sababu suala lake ndilo jepesi kuliko yote. Nabii Ezekieli aliandika katika sura ya 18, mstari wa 20, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, na bila shaka hatauchukua wa mama yake pia. Makanisa yanayobatiza watoto wachanga huwabatiza kwa neema ya Mungu, si kwa kupima mwenendo wa wazazi, na kama mwenendo wa wazazi ungekuwa ndio kipimo, sijui ni watoto wangapi wa wazee wa kanisa wangefika kwenye maji hayo. Kinachotakiwa ni wasimamizi wa ubatizo wanaoaminika na watu wa kumlea mtoto katika imani. Bibi amekwisha kujitokeza, nawe ukijitokeza kuwa msimamizi mtakuwa wawili. Mzungumze na mchungaji wenu kuhusu utaratibu wa kanisa lenu, lakini msikubali ubatizo wa mtoto ugeuzwe kuwa dhamana ya kumdai mama yake.

Sasa tuje kwa kijana wa Makambako, ambaye katika barua yako umempa sentensi moja tu, na naogopa kwamba baraza halikumpa hata hiyo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 8, waandishi na Mafarisayo wanamleta kwa Yesu mwanamke ambaye, kwa maneno yao wenyewe, alifumaniwa akizini. Torati waliyoitaja, ukiisoma katika Walawi 20:10, inawataja mwanamume na mwanamke wote wawili. Kama alifumaniwa, basi mwenzake alikuwapo. Hata hivyo aliyefikishwa hekaluni na kusimamishwa katikati ya watu ni mmoja. Huko kwenu pia aliyesimamishwa, au tuseme aliyetakiwa kusimama, ni mmoja. Msharika anapohama huondoka na barua ya utambulisho kutoka kwa viongozi wake, na kijana huyu ameimba Makambako kwa sababu, yumkini, kuna mtu kwenu aliyemwandikia barua nzuri. Ningependa kujua ni nani aliyeitia saini, na kama mtu huyo alikuwa kwenye kikao kile kilichomtenga binti.

Sisemi kwamba dawa ni kuwatenga wawili badala ya mmoja. Ninasema kwamba kanisa linalotaka kushughulika na dhambi kwa uzito lingeanza na wajibu wa baba kwa mtoto wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake wote wawili, wawe wameoana au hawakuoana, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya husaidia katika madai ya matunzo. Mchungaji wenu anaweza kumwandikia mwenzake wa Makambako barua ya upole na ya wazi, kijana aitwe, aulizwe, na kama mtoto ni wake, aanze kutuma fedha ya mtoto. Hapo toba yake itakuwa na kitu cha kushikika. (Niongeze jambo moja kwa wasomaji wengine: kama binti angekuwa chini ya miaka 18, au mwanafunzi, hili lingekuwa suala la sheria ya jinai kabla ya kuwa ajenda ya baraza la wazee, na baraza halina mamlaka ya kulimaliza kimyakimya kwa mbuzi na samahani.)

Nakuja kwenye swali lako lenyewe. Wenzako wana hoja, na haifai kuwabeza. Yesu hakumwambia yule mwanamke kwamba hakukuwa na kosa. Alimwambia mambo mawili kwa pumzi moja: "Wala mimi sikuhukumu," na "Enenda zako, wala usitende dhambi tena." Anayelichukua neno la kwanza na kuliacha la pili amepunguza Injili, na anayelichukua la pili na kuliacha la kwanza ameipunguza vilevile, ila huyu wa pili kwa kawaida husifiwa kuwa ana msimamo. Angalieni pia mambo haya yalivyofuatana. Kwanza washitaki waliondoka mmoja mmoja, na Yohana anaeleza kwamba walianzia wazee, jambo ambalo sisi tuliovaa majoho na ninyi mnaoitwa wazee wa kanisa tungefanya vizuri kulisoma polepole. Wakati neno kuhusu dhambi linasemwa, wenye mawe hawako tena. Mwanamke huyu aliambiwa na mtu ambaye dakika chache kabla alikuwa ameyaokoa maisha yake, na ndiyo sababu neno lile lilimfikia kama neno la mtu anayemtakia mema.

Ninyi mlianza na umati. Utaratibu wa Mathayo 18, ambao katiba za kanisa zenye sura ya marudi, yaani nidhamu ya kanisa, huutegemea, unaagiza kwamba ndugu yako akikosa, uende ukamwonye "wewe na yeye peke yenu". Akikataa, uchukue mtu mmoja au wawili. Akikataa tena, ndipo kanisa liambiwe. Naomba nikuulize bila kukulaumu: kabla ya kikao, ni nani aliyekwenda nyumbani kwa binti huyu, akaketi naye, akamsikiliza? Kama hakuna, basi baraza halikufuata Maandiko kwa ukali, bali liliruka hatua mbili. Na hata mwisho wa njia ile, pale inaposemwa kwamba asiyelisikiliza kanisa awe kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru, tukumbuke kwamba anayeripoti maneno hayo ni Mathayo, ambaye alikuwa mtoza ushuru mwenyewe, na ambaye katika sura ya 9 ya Injili hiyohiyo anaeleza jinsi Yesu alivyoketi chakulani pamoja na watu wa namna yake. Mafarisayo waliponung'unika, walijibiwa kwa neno la nabii Hosea: "Nataka rehema, wala si sadaka."

Najua kwamba katika kikao kijacho kuna mzee atakayefungua 1 Wakorintho 5, na atakuwa na haki ya kuifungua. Paulo anaagiza pale, "mwondoeni yule mbaya miongoni mwenu." Lakini msomeni tangu mwanzo wa sura. Kosa lilikuwa la mwanamume aliyeishi na mke wa baba yake, na kilichomkasirisha Mtume zaidi ni kwamba usharika mzima ulikuwa unajivuna badala ya kuhuzunika. Binti wenu hajivuni, amejifungia ndani. Kisha mfungue 2 Wakorintho 2, ambapo Paulo huyohuyo, akizungumzia mtu aliyeadhibiwa na walio wengi, anasema adhabu hiyo yatosha, na kwamba sasa wamsamehe na kumfariji, "asije akamezwa kwa huzuni ipitayo kiasi." Na kwa Wagalatia, 6:1, anaandika kwamba mtu akighafilika katika kosa lo lote, walio wa Roho wamrejeze upya "kwa roho ya upole". Marudi yapo katika Biblia, Mama, sikatai. Lengo lake ni kurudisha. Huko kwenu mnajua mti wa chai hupogolewa ili uchipue. Hakuna mkulima anayeung'oa na kuuacha unyauke kando ya barabara, halafu akasema anaupogoa.

Hofu ya wenzako kwamba mabinti wengine watafuata inahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa inasikika kama busara. Mabinti wa kwaya ile wamejifunza nini hasa? Wameona kwamba mwenzao alipogundulika aliondolewa, na kwamba mwanamume alihama akaendelea kuimba. Fundisho walilolipata ni kujificha. Na kujificha kuna gharama ambayo haionekani kanisani bali zahanati. Mama mjamzito hushauriwa kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12, na katika ziara hiyo ya kwanza hupimwa mambo mengi, likiwamo VVU, ili kama ana maambukizi aanzishiwe dawa mapema na mtoto asizaliwe nayo. Katika zahanati nyingi za nchi yetu mwanamke hutarajiwa kufika na mwenzake, na asiye naye huambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji. Fikiria binti wa miaka 20, ambaye jina lake limekwisha kusomwa kanisani, akienda kuomba barua hiyo kwa mwenyekiti ambaye pengine huketi benchi la mbele la usharika wenu. Wengi huahirisha wiki baada ya wiki mpaka tumbo haliwezi kufichika tena.

Hili si jambo la kufikirika kwa mikoa yetu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kilikuwa asilimia 12.7 mkoani Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni asilimia 4.4. Mahali ambapo mtu mzima mmoja kati ya tisa anaishi na virusi, kila aibu inayomzuia msichana kufika kliniki mapema inaweza kumfikia mtoto ambaye hata hajazaliwa. Dawa zipo, hazilipiwi, na akizitumia vizuri anaweza kuzaa mtoto salama. Kikwazo kinachobaki mara nyingi ni macho ya watu, na macho hayo baadhi yake ni yetu.

Serikali nayo, ambayo haidai kuwa mwili wa Kristo, ilibadili msimamo wake mwezi Novemba 2021, ikawaruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, warudi kwenye shule za mfumo rasmi. Hakuna aliyeisikia Serikali ikisema kwamba mimba za shuleni sasa ni halali. Ilisema mlango uko wazi. Ni jambo la kutia haya kidogo kwamba leo msichana anaweza kurudishiwa dawati lake kabla ya kurudishiwa nafasi yake kwenye kwaya.

Tena kanisa la nyanda hizi halikuanza hivyo. Wamisionari wa Kanisa la Moraviani na wa Misheni ya Berlin walifika Unyakyusa, nchi ya Wanyakyusa, mwaka 1891, wakati ambapo vita na biashara ya watumwa vilikuwa vimewatawanya watu kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na vituo vyao vikawa pia kimbilio. Katika misheni ya Utengule, Mmoraviani Elise Kootz-Kretschmer aliandika habari za maisha ya wanawake waliowahi kutekwa na kupitishwa kutoka mkono hadi mkono, mmoja wao akiwa mjane aliyeitwa Narwimba. Wanawake wa namna hiyo walikuwa na watoto wa baba mbalimbali na ndoa ambazo hakuna katiba ya kanisa ingeweza kuziorodhesha. Wamisionari wale walikuwa na ukali wao na makosa yao, na mengi ya haya marudi tuliyonayo tumeyarithi kwao. Hata hivyo watu kama Narwimba ni miongoni mwa waliokuwa wa kwanza kuketi katika makanisa yetu, na wajukuu wa watu kama hao ndio leo wanaopiga kura ya kumtenga binti aliyezaa nje ya ndoa.

Ufanye nini basi? Nenda kwa binti huyo. Usiende na ujumbe wa watu watatu wenye makoti na daftari la baraza. Nenda wewe na mama mwingine mmoja, siku ambayo hayuko kwenye kibarua, mkachukue sabuni, sukari, unga wa uji na nguo za mtoto, kwa sababu Juni na Julai baridi ya Mufindi haimhurumii mtoto mchanga. Mshike mtoto. Muulize mama anakulaje, maziwa yanatoka, mtoto amepata chanjo, nani anabaki naye akienda kuchuma chai. Habari za kijana wa Makambako usizianze wewe. Akizitaja, msikilize mpaka mwisho. Akilia, usikimbilie kuomba ili anyamaze. Kabla hujaondoka mwambie kwamba unatamani kumwona kanisani na kwamba utakaa naye benchi moja, na kisha ufanye hivyo kweli, hata kama wenzako wa baraza wanaketi mbele. Ziara ya kwanza pengine haitamrudisha. Rudi tena.

Kwenye baraza, usiombe wafute neno dhambi, maana watadhani umetumwa. Omba mambo mawili tu. La kwanza, mtoto abatizwe. La pili, mama yake apewe njia ya kurudi isiyopita mbele ya umati. Wenzetu wa mapokeo ya Kilutheri wana Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambayo ndani yake kuna sehemu nzima juu ya kuungama, na humo muungamaji hukutana na mchungaji, hutamka linalomlemea, na husikia kwa sauti kwamba amesamehewa. Mchungaji hana ruhusa ya kuyatoa nje. Njia hiyo ipo tayari, haihitaji kikao cha sinodi kuibuni. Ukiwauliza wenzako kwa nini haitumiki kwa binti huyu, nadhani baadhi yao watagundua kwamba kilichokuwa kinatafutwa siku ile ya Jumapili ni tamasha, ingawa hakuna aliyekusudia hivyo.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Naandika kutoka Uyole, Mbeya. Mume wangu ni fundi ujenzi, na fedha nyingi anazozipata zinaishia kwenye kimpumu na komoni. Akirudi amelewa hunipiga, na mwaka jana alinivunja mkono. Nilipowaeleza viongozi wa jumuiya waliniambia kwamba Mkristo wa kweli ana huruma, hahukumu, na kwamba nimsamehe saba mara sabini. Dada yangu anataka niende polisi. Je, nikienda nitakuwa nimekosa huruma na kumhukumu mume wangu?

JIBU: Hapana, dada yangu. Nenda.

Nimeiweka barua yako hapa makusudi, mara baada ya ile ya Mufindi, kwa kuwa neno huruma linaweza kutumiwa vibaya kama vile neno dhambi linavyotumiwa. Viongozi wako wamekupa huruma ambayo wao hawaigharamii kwa lolote. Gharama yote umewekewa wewe, kwenye mkono wako. Katika mfano wa Msamaria Mwema, Luka 10, huruma inamwendea aliyepigwa. Msamaria anamfunga jeraha, anampandisha kwenye mnyama wake, analipa dinari mbili za nyumba ya wageni. Hakuna mahali ambapo majeruhi anaambiwa awahurumie wanyang'anyi na kurudi kulala barabarani.

Hayo ya saba mara sabini yako Mathayo 18:22, na mistari michache tu kabla yake, kuanzia wa 15, ndiko Yesu anakoagiza kwamba mkosaji aonywe, mashahidi waitwe na kanisa liambiwe. Wewe umekwisha kumwambia mwenyewe, umewaambia viongozi, na hawakuchukua hatua. Kusamehe ni jambo la moyo wako na Mungu, linaweza kuchukua miaka, na halikulazimishi kulala chumba kimoja na mtu anayekuvunja mifupa. Unaweza kumsamehe ukiwa kwa dada yako.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vinginevyo. Katika vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Ndiko pa kuanzia. Utapewa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, na daktari ataandika majeraha aliyoyaona. Kama bado una karatasi za matibabu ya mkono wa mwaka jana, zitunze na uende nazo. Hofia usalama wako kwanza: kabla ya kwenda, panga na dada yako pa kulala wewe na watoto, na vitambulisho na vyeti vyenu viwe tayari nje ya nyumba hiyo. Ikiwa atakupiga usiku huu, usisubiri kupanga, ondoka.

Na mume wako? Naye anahitaji huruma, lakini huruma hiyo haipaswi kutoka kwako peke yako, na haifanani na kumfichia. Wanaume wa jumuiya yenu waende kwake asubuhi, kabla hajanywa, wamwambie usoni kwamba wanajua anachokifanya na kwamba hakivumiliki. Ulevi wa kiwango hicho mara nyingi ni ugonjwa unaotibika, na huduma za afya ya akili zinapatikana katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda, hapohapo Mbeya mjini. Mmoja wao ampeleke, akae naye kwenye foleni. Atakayejibu kesi ni yeye, na wao wanaweza kumsindikiza mpaka mahakamani bila kusema uongo hata mmoja kwa ajili yake. Wakikuambia kwamba kwa kwenda polisi umemwaibisha mume wako, waonyeshe ukurasa huu.

SWALI: Mchungaji, mimi ni kijana kutoka Rungwe. Baba yangu alikuwa Mkristo tangu utoto, lakini miaka yake ya mwisho aliacha kwenda kanisani baada ya kugombana na wazee kuhusu ahadi alizokuwa hajamaliza kutoa, tena alikuwa anakunywa. Alipofariki, wazee walikataa kengele isipigwe na mchungaji hakuja. Tulizikwa na majirani. Je, baba yangu amepotea? Nami nifikirie kuhama kanisa?

JIBU: Pole sana kwa msiba, na pole zaidi kwa namna ulivyopita. Umeandika "tulizikwa na majirani", na sikuirekebisha, kwa sababu nadhani uliandika ulichokihisi.

Kuhusu baba yako, Warumi 14:4 inauliza: "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine? Kwa bwana wake mwenyewe yeye husimama au huanguka." Kengele ya usharika haifungui mbingu, na isipopigwa haizifungi. Hata maziko ya kanisa, pamoja na heshima yake yote, yamewekwa zaidi kwa ajili yenu mliobaki, mfarijiwe na kusikia neno la ufufuo. Mliokosewa siku ile ni ninyi, na hilo linaweza kurekebishwa.

Kuhusu ahadi, Paulo anawaandikia Wakorintho katika barua ya pili, 9:7, kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Kanisa lina haki ya kuwafundisha watu wake kutoa, na mishahara ya wainjilisti haishuki kutoka mawinguni, lakini mtu akifa ahadi yake haigeuki kuwa deni linalodaiwa jeneza.

Sikushauri uhame ukiwa na hasira. Wazee waliokukatalia pengine ni majirani wa shamba lenu la migomba, na huenda baadhi yao walichimba kaburi mchana baada ya kukataa kengele asubuhi. Watu wana pande mbili namna hiyo. Nenda kwa mchungaji, peke yako au na mama yako, umweleze kwamba mnataka kusimika msalaba kwenye kaburi la baba, na kwamba mnaomba ibada fupi siku hiyo. Ombi hilo ni la kawaida, na wachungaji wengi hawalikatai. Peleka ombi hilo kwa maandishi, ubaki na nakala. Ikiwa atakukatalia, andika kwa mkuu wake wa jimbo au wa wilaya, kwa heshima, ukieleza tu yaliyotokea kwa tarehe, bila kumtukana mtu. Na siku ya msalaba waalikeni wazee wote wa baraza, pamoja na yule aliyesimamia daftari la ahadi.